Tulikwenda Baharini Kutafuta Shwari

Miaka 24 iliyopita nilitunga shairi la arusi yangu mwenyewe. Lilikuwa tarbia ya beti kumi na mbili, mizani kumi na sita katika kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimetimia, na liliposomwa wanawake walilipigia vigelegele na wazee wakanitunza. Ndani yake mimi nilikuwa nahodha, mke wangu alikuwa abiria, ndoa ilikuwa jahazi, na dua ya kituo ilikuwa moja toka mwanzo hadi mwisho: Mola atupe bahari shwari. Shairi hilo tulilitia katika fremu likatundikwa sebuleni. Mwezi wa Septemba uliopita, baada ya siku tatu za mapumziko na mke wangu katika visiwa vya Lamu, nilirudi nyumbani nikaliteremsha. Makala haya ni ya kueleza kwa nini, na ya kuwaomba malenga wenzangu wayatazame upya mashairi yao ya bahari.

Dai langu ni hili. Sitiari zetu za bahari zimechakaa, na si kwa sababu zimetumika sana. Zimechakaa kwa sababu tunazirithi kutoka kwa mashairi mengine na hatuzirudishi baharini zikaonje chumvi tena. Mshairi hulisoma jahazi katika diwani, akaliandika katika diwani yake, naye msomaji wake akalichukua hapo. Baada ya vizazi viwili vya kuazimana hivyo, jahazi linakuwa picha ya picha, halina mkuku wala ngama, na lolote litakalosemwa juu yake hapana wa kulipinga. Nami nimo katika kosa hili, tena mstari wa mbele.

Sisi washairi wa Kiswahili tuna jambo letu la pekee: aina za tungo tunaziita bahari. Neno hilo tuliliokota katika elimu ya aruhdi ya Waarabu, ambamo neno moja lilitaja bahari ya maji na kipimo cha ushairi, na ambayo Khalil bin Ahmad wa Basra aliiweka misingi yake katika karne ya 8. Kwetu neno likapanuka likachukua maana zake: utenzi ni bahari, ukawafi ni bahari, wimbo ni bahari. Kwa hiyo mshairi anaweza kuishi umri wake wote akisema juu ya bahari, akashindana juu ya bahari, akasifiwa kwa kuzimudu bahari, na kisigino chake kisilowe hata siku moja.

Mimi nilikuwa huyo. Nimezaliwa Mombasa, nikakulia mahali ambapo usiku, mji ukitulia, mawimbi husikika. Lakini chombo pekee nilichokipanda kwa mazoea ni kivuko cha Likoni, ambacho mtu hukipanda akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika mfuko wa suruali, na akashuka ng'ambo kabla hajakumbuka kwamba alikuwa juu ya maji. Mke wangu ni mzaliwa wa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachosifika kwa uundaji wa vyombo. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa fundi. Mke wangu alichezea maranda ya mbao utotoni, na mkuku, taruma na fashini alivijua kwa majina kabla ya kujua kusoma. Haya yote niliyafahamu siku ya arusi. Sikuyaona kuwa na uhusiano wowote na shairi langu.

Mtoto wetu wa mwisho alipokwenda chuoni mwaka huu, nyumba ilinyamaza. Hatukuwa na ugomvi. Tuliulizana kuhusu chai, kuhusu umeme, kuhusu fundi wa paa, kisha kila mmoja akarudi kwenye kiti chake. Nilidhani huo ndio utulivu niliouombea kwenye kituo cha shairi. Wazo la kwenda kupumzika lilikuwa lake. Wazo la kuiita safari hiyo fungate ya pili lilikuwa langu. Neno fungate lina kumbukumbu ya hesabu ya kale ya saba, lakini uwezo wetu ulitosha siku tatu.

Karatasi ya tangazo tuliyopewa iliandikwa kwa Kiswahili ambacho, ukikigusa tu, unahisi kwamba kimezaliwa katika lugha nyingine. Tuliahidiwa uzoefu wa kipekee usiosahaulika, na ratiba itakayoamuliwa na sisi wapendanao wenyewe. Niliisoma karatasi yote nikitafuta neno kubarizi, nisilione. Nikatafuta kupunga upepo, nisilione. Lugha yenye kitenzi kizima cha kukaa nje penye hewa na watu unaowapenda, bila ya kazi na bila ya haraka, imefikaje mahali pa kuomba maneno ya kutangazia mapumziko? Na kupunga upepo kuna utamu wake kwa mwenye sikio, kwa kuwa kitenzi kicho hicho ndicho cha kupunga pepo. Labda wazee walijua kwamba anayekwenda pwani kupigwa na hewa naye ana lake linalotaka kumtoka.

Ahadi ya ratiba ilivunjika kabla hatujaondoka. Tulifika gatini Lamu saa mbili asubuhi, kama tulivyotaka. Nahodha, mzee mwenye kofia ya kitambaa na maneno machache, alituamkia, akamtambua mke wangu kuwa ni binti wa fundi fulani wa Matondoni, akamwombea marehemu, kisha akatuambia tukanywe kahawa. Maji bado. Njia yetu ilikuwa ipite Mkanda, ule mfereji mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko kila upande, na Mkanda haupitiki ila maji yakiwa yamejaa. Mimi nilitazama saa ya mkononi. Mke wangu alitazama nguzo za gati, akaona alama ya unyevu ilipofika, akasema, “Bado saa mbili, au zaidi kidogo.” Ilikuwa hivyo.

Hapo ndipo nilipoanza kuaibika kimyakimya. Nimeandika kujaa na kupwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: mapenzi yakijaa, mali ikipwa, dunia ikijaa na kupwa. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu ambao kwao maji ndiyo saa, na kwamba si kujaa kote kumoja. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yakapanda sana na yakashuka sana. Baina ya nyakati hizo kuna maji mafu, ambayo hupanda kwa uchovu na kushuka kwa uchovu. Mshairi anayesema tu kwamba mapenzi yamejaa hajasema kitu. Ni maji ya bamvua au ni maji mafu?

Siku ya kwanza sina la kuihoji. Ilikuwa pumziko tupu. Chombo chetu kilikuwa mashua yenye tanga moja na mashine ya kusaidia, mabaharia wawili na nahodha wao. Tulipita Mkanda taratibu, matawi ya mikoko karibu ya kuyashika, tukatokea penye uwazi, tukatia nanga jioni karibu na Manda Toto. Mpishi wetu, kijana aliyekuwa pia ndiye mwenye kutweka tanga, aliwasha makaa ndani ya sanduku lenye mchanga akatupikia changu wa kupaka na wali wa nazi. Tulikula kwa mkono katika sinia moja. Jua lilipotua, umeme wa Lamu ulikuwa nyuma yetu mbali, na nyota zikawa nyingi mpaka mtu akaona haya kuzitaja. Mke wangu alilala akiwa ameelekea angani. Sikumbuki ni lini kabla ya hapo nilimwona akilala bila ya simu karibu na kichwa chake.

Asubuhi ya pili ndiyo iliyoniamsha, kwa maana zote. Tuling'oa nanga na umande, ule upepo mwembamba unaotoka barani kabla ya jua. Tulikuwa katika demani, kusi limepungua nguvu, na tulikusudia kufika Siyu katika kisiwa cha Pate maji yakiwa bado yanajaa. Jua lilipopanda kidogo umande ukafa, na kusi bado halijaamka. Tanga likalegea kama shuka kwenye kamba. Bahari ikawa kioo, haina hata kikunyo. Nami, nimeketi na kikombe cha kahawa, nikasema kwa furaha, “Alhamdulillahi, bahari shwari!”

Mabaharia walitazamana. Nahodha alitabasamu kwa adabu. “Kwa abiria ni shwari, Maalim,” akaniambia. “Kwa chombo ni kifungo.”

Alikuwa ananiita Maalim kwa sababu mke wangu huniita hivyo, mimi nikiwa mwalimu wa shule. Aliongeza mzaha kwamba katika vyombo vya zamani maalim alikuwa mtu wa pili baada ya nahodha, ndiye mjuzi wa nyota na njia. Ni kweli, mabaharia wakubwa wa Bahari ya Hindi, kama Ahmad bin Majid wa karne ya 15, waliitwa kwa cheo hicho. Maalim wa chombo chetu siku ile hakujua hata kwamba tumesimama.

Nahodha akauliza kama awashe mashine. Mke wangu akasema, “Ngoja kwanza, ami. Tusubiri kidogo.” Tukasubiri. Na katika kusubiri kule, bila ya kunitazama, mkono wake ukiwa ndani ya maji, akaniambia, “Maalim, nyumba yetu nayo ni shwari.”

Nilielewa. Nililielewa neno nililolitumia miaka yote kwa uvivu. Mjini tunasema mambo shwari, tukikusudia kwamba mambo ni mazuri. Katika shairi la arusi nilimwomba Mungu shwari, nikaipata, na ilikuwa imetusimamisha katikati ya maji, tanga limelegea, kila mmoja akikisifu kimya cha mwenzake. Nahodha haombi shwari. Nahodha huomba upepo wa kadiri, tena akiupata wa ubavuni ndio hufurahi zaidi. Anayeomba shwari ni abiria, au ni mtu aliyekwishafika.

Akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesema jambo alilolibeba muda mrefu mpaka halina uchungu tena: “Siku ya arusi ulinipa kiti cha abiria. Watu wakapiga vigelegele. Hukuniuliza kama najua kushika kana.”

Sikuwa na jibu, na chombo hakikuwa na mahali pa kwendea. Hiyo ni faida moja ya shwari ambayo sikuitaja katika shairi: hakuna chumba cha pili cha kukimbilia. Tulizungumza mpaka kusi lilipofika. Tuliyoyazungumza ni yetu wawili.

Siyu tuliifikia maji yakiwa karibu ya kujaa, tukaingia na mfereji wa mikoko hadi karibu na ngome. Msomaji wa blogu hii hahitaji kuelezwa Siyu ni wapi katika ramani ya ushairi. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na utendi wake kwa binti yake wa mwaka 1858 ni miongoni mwa tungo zinazojulikana zaidi katika lugha yetu. Najua kuna watakaosema: basi huyo hapo, mwanamke mshairi mwenyewe, naye alimuusia binti yake kumtii na kumridhi mume; wewe unatafuta nini? Nimelifikiri jambo hilo nikiwa nimesimama chini ya kuta za ngome, na jibu langu ni hili. Ule ni wasia wa mama mgonjwa kwa mwanawe, wenye wakati wake na mazingira yake, na sina haja ya kuupindua uwe kitu kingine. Lakini tusisahau ni nani aliyeshika kana ya utendi ule. Mwanamke ndiye aliyechagua bahari, akapanga vina, akatia nanga alipotaka. Wanaume waliozungukwa na mizinga ya ngome tunawataja kwa sababu yake. Abiria hatungi utendi.

Siku ya tatu tulirudi, na kurudi kulikuwa kazi. Tulipoizunguka Pate na kuelekea kusini, upepo ulikuwa wa mbele. Nahodha angeweza kuwasha mashine na kuteremsha tanga, na wengi hufanya hivyo siku hizi kwa sababu wageni wana ndege ya kuwahi. Mke wangu akamwomba tubishe.

Hili ndilo neno ninalotaka kulikalia, maana kwangu mimi safari nzima imo ndani yake. Kubisha tunakujua kwa maana mbili za kila siku. Mtu hubisha hodi mlangoni, na mtu hubisha akiambiwa jambo asilolikubali. Katika mashairi ya malumbano kubisha ndiyo roho ya mchezo. Katika mashairi ya ndoa kubisha ni ila, na mke mbishi husutwa. Lakini kuna kubisha kwa tatu, kwa chombo. Chombo hakiwezi kuuelekea upepo moja kwa moja. Tanga litapigapiga bure na chombo kitarudishwa nyuma. Basi nahodha hukilaza upande mmoja, akaukata upepo kwa pembe, akaenda masafa, kisha akageuza upande wa pili, akaukata tena. Njia inakuwa ya kwenda upogo, kushoto na kulia, na anayetazama kutoka ufukweni anaweza kudhani mnapotea. Lakini kila mara mnakuwa mmesogea mbele kidogo. Huko ndiko kubisha. Ndiyo njia pekee ya kusonga mbele wakati upepo haukutaki.

Nilimuuliza nahodha kama ni kushindana na upepo. Akanijibu kwa Kiamu chake, “Hushindani nao. Waomba ndia.” Kwa hiyo maana ya tatu inarudi kwenye ya kwanza: chombo hubisha kama mtu anavyobisha hodi, upande huu, kisha upande ule, mpaka kifunguliwe. Sijui wataalamu wa etimolojia watasema nini, nami sidai kwamba maana hizi zina mzizi mmoja. Nadai tu kwamba mshairi aliyepewa neno la namna hii na lugha yake, kisha akalitumia kumsutia mke, ameitupa lulu akabaki na kombe.

Tena tazama inavyofanywa. Upande wa chombo unaokabili upepo ni goshini. Upande ulio chini ya upepo ni demani, neno lile lile la majira tuliyokuwamo, na la kamba inayolizuia tanga kwa nyuma. Kila chombo kinapogeuzwa, tanga na foromali lake huhamishwa kuzunguka mlingoti, na upande uliokuwa goshini ukawa demani. Hapo hakuna mtu asiye na kazi. Mmoja analegeza demani, mwingine anauhamisha mguu wa foromali, wa tatu yuko kwenye kana. Baharia mmoja aliusukuma ubao mrefu nje ya chombo, upande wa upepo, akaketi juu yake, maji yakimpita chini ya miguu, ili mashua isilale mno. “Maalim,” nahodha akaniita, “panda goshini, tupate mizani.” Nimefundisha mizani maisha yangu yote. Sikuwahi kuwa mizani mimi mwenyewe. Nikapanda, na baada ya dakika kumi tukageuza, na ule upande niliokaa kwa fahari ukawa wa chini, nikahama tena.

Nani alikuwa kwenye kana? Mwisho wa safari, kabla ya kuingia Mkanda, nahodha alimpisha binti wa fundi wa Matondoni. Akashika kwa mkono mmoja, macho yake kwenye ukingo wa tanga, hasemi kitu. Nahodha alikuwa karibu naye akitazama, wala hakupungukiwa na unahodha wake. Nami nilikuwa goshini nikilowa, na ninakiri mbele yenu kwamba sijawahi kustarehe namna ile.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu, kwa kuwa makala haya si barua ya mapenzi.

Mashairi yetu ya arusi, na nyimbo zetu nyingi pia, yanamfanya mume nahodha na mke abiria au chombo chenyewe. Sina ugomvi na sitiari ya jahazi. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna jahazi la namna hiyo. Hakuna chombo cha tanga kinachokwenda kwa nahodha mmoja na abiria mmoja aliyekaa. Nahodha anayejitwalia kana, demani na foromali peke yake atazama bandarini. Neno lenyewe nahodha tulilipokea kutoka Kiajemi, na asili yake ni bwana wa chombo. Lakini bwana huyo siku zote alikuwa na watu wake, akina sarahangi, maalim na mabaharia, na pwani nzima ilijua kwamba ubora wake ni kujua lini amwachie nani kazi gani. Tukilirudisha neno baharini, sitiari ya ndoa haivunjiki. Inatengenea. Inakuwa na goshi na demani zinazobadilishana, ina kubisha kunakosogeza mbele, ina shwari ya kuogopwa kidogo. Ina mengi zaidi ya kuimba.

Jambo hili si la ndoa pekee. Mashindano ya kandanda yameng'oa nanga, waandishi wa habari hutuambia. Chama kimekwenda mrama. Waziri ameshika usukani. Rubani amehama merikebu akapanda ndege. Nauli tunalipa kwenye matatu na daladala. Bara zima, kutoka Mombasa hadi Kisangani, linasema kwa maneno ya mabaharia, na wengi hawajui kwamba kwenda mrama ni kuyumba kwa chombo kinachopigwa ubavuni na mawimbi. Sililaumu hilo. Lugha iliyofika bara kwa miguu ya wachukuzi ilikuwa na haki ya kufika na mizigo yake. Lakini mshairi ana wajibu ambao mtangazaji wa mpira hana. Mtangazaji analitumia neno. Mshairi huulizwa siku moja lilikotoka.

Nimekwisha kusikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba sitiari si sayansi, na kwamba mshairi hahitaji kupanda jahazi ili alitaje, kama asivyohitaji kufa ili aandike rambirambi. Nakubali nusu. Hatuhitaji kuwa mabaharia. Lakini aandikaye rambirambi walau amekaa matangani, amesikia kilio. Sisi tunaandika bahari bila ya kukaa na wenyewe hata saa moja. Ya pili ni kwamba matembezi ya siku tatu visiwani ni anasa ya wenye nafasi. Hiyo nakubali yote. Sisi wenyewe tuliweka akiba miezi mingi. Lakini kumsikiliza fundi wa Matondoni, au wa Nungwi kule Unguja, hakuna nauli kubwa kuliko ya kwenda kwenye kongamano la ushairi. Kaa kivulini pake, nyamaza, msikie anavyoita kila ubao. Fanya hivyo sasa. Mafundi wanapungua na mashine zinaongezeka, na kijana anayejua kuwasha mashine hana haja ya kujua demani. Neno lisilo na kazi huondoka na wazee, na sisi tutabaki kuyatafuta katika kamusi maneno ambayo leo yangali yakipigiwa kelele mbele ya gati la Lamu.

Wahenga walisema, hata ukenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii nimeifundisha darasani zaidi ya miaka ishirini nikiifasiri kwa jumla tu: mtu hurudi kwao. Mke wangu ndiye aliyenionyesha tezi, akanionyesha omo, kisha akanyanyua ubao akanionyesha ngama yenyewe: giza, maji kidogo ya chumvi, na upo wa kuyateka. Huko ndiko marejeo. Si mahali pazuri. Ni mahali ambapo mtu lazima ashuke kila siku kuchota maji yaliyoingia, la sivyo chombo kitazama siku ambayo bahari ni shwari kabisa.

Fremu ya sebuleni sasa ina ubeti mmoja tu. Nauweka hapa mwausahihishe, na anayeona mizani imepungua, na abishe:

Nilisema mimi mbele, wewe abiria keti,
Leo nafuta ya kale, kwa ulimi na sauti,
Pepo zivumapo kule, tubishe kimadhubuti,
Mimi goshi, we demani, tufike salama pwani.

Nilipomsomea, mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa nini yeye ndiye awe demani na mimi niwe goshi. Nikamwambia kwamba tutageuza kwenye ubeti wa pili.